Mabati ya Mheshimiwa Mtarajiwa

Shemeji yangu Makarius aligombea ubunge mara nne, na sijawahi kuona karatasi ya kura yenye picha yake. Hakufika huko. Alikuwa akikwama palepale kwenye kura za maoni za chama, mbele ya wajumbe anaowajua kwa majina, watu ambao wengine aliwahi kuwapeleka hospitali na wengine alisimamia ndoa zao, halafu anarudi nyumbani Mjimwema na koti la suti begani, anaomba maji ya kunawa. Vijana wa kijiweni walimpa jina: Mheshimiwa Mtarajiwa. Walimpa kwa kumcheka. Yeye alipolisikia akatabasamu, akawapungia mkono. Mtu anayefurahia jina kama hilo, utamfanya nini?

Mimi naitwa Lidwina, nauza mitumba soko kuu la Songea. Mke wa Makarius ni dada yangu Theodosia, tumetoka tumbo moja. Ushemeji unanipa ruhusa ya kumtania, na ruhusa hiyo nimeitumia mpaka imechakaa. Ila haya ninayoyaandika si utani. Ni dharau, na sitaipaka sukari.

Alianza vizuri, niseme kweli. Mwanzoni mwa miaka ya themanini alikuwa mteuzi wa tumbaku, yule mtu wa kukagua majani na kutamka daraja. Mkulima amelima, amevuna, amekesha bandani akichochea moto wa kukaushia, sasa anasimama mbele ya Makarius na kofia mkononi, anasubiri neno moja. Wazee wenye mvi walikuwa wakimwamkia shikamoo, yeye kijana wa juzi. Walimletea kuku, walimletea maharage, walicheka vichekesho vyake ambavyo havichekeshi. Mwenye akili angejua wanalichekea daraja la kwanza. Makarius akadhani wanampenda. Ugonjwa wake wote ulianzia pale ghalani, na hakuna aliyemwambia, maana nani angejitia kiherehere wakati tumbaku yake haijapimwa?

Mwaka themanini na tano akachukua fomu. Siku zile chama kilikuwa kimoja. Wajumbe wa wilaya wakishapiga kura majina yanapelekwa juu, yanarudi mawili tu. Mmoja anapewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Makarius alitaka nyumba. Alimwita fundi amchoree nyumba kwa mkaa, kubwa, watu waanze kuizoea. Fundi akaichora vizuri sana, na paa lake na moshi unatoka, kwenye ukuta wa nyumba ya Makarius mwenyewe, ambayo haikuwa na paa.

Nyumba hiyo ndiyo kisa chote. Walipooana alijenga kuta za matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na sebule, akayaunga kwa udongo kwa kuwa saruji ilikuwa haipatikani. Akasema paa litafuata. Wakati paa linafuata, familia ikakaa kijumba cha nyuma, cha nyasi, kinachotumika pia kama jiko. Dada yangu amezalia humo. Amekohoa humo. Songea mvua yetu ikianza haijui kupumzika, na kila masika nyasi zinavuja, moshi unakataa kutoka, na kule mbele kuta zinalowa na udongo unatiririka kama uji. Theodosia hakuwa na makuu. Hakuomba gari, hakuomba kwenda kuona Dar es Salaam. Alikuwa anataka mabati juu ya zile kuta kabla hazijalala chini, basi.

Mwaka huo wa themanini na tano Makarius aliambulia patupu, lakini angalau hakupoteza mali. Alipoteza mbwembwe tu. Balaa lilianza mwaka tisini.

Theodosia alikuwa amelima tumbaku yake mwenyewe, na yeye mumewe hakuipa daraja la bure, aliipima kama ya mtu baki, najua kwa kuwa alijisifia. Dada akauza, akanunua mabati. Yalipofika niliitwa kuyaona. Tuliyapanga kwenye majani pembeni ya nyumba, tukayafunika magunia, Theodosia akayapigapiga na kiganja kama unavyompiga mtoto anayelala. Fundi alikuwa ameshaambiwa aje baada ya mavuno ya mahindi.

Kampeni ikaanza. Makarius akaenda kijiji kimoja cha upande wa Madaba, akakuta darasa halijaezekwa. Mwalimu akamwonyesha watoto wanavyosoma juani. Hapo naomba nieleze jambo moja kuhusu watu wetu, kwa sababu bila hilo hutamwelewa mpumbavu huyu. Watu wetu wa vijijini hawamkatalii mgeni usoni. Aje nani, aseme nini, watamsikiliza mpaka mwisho, watampigia vigelegele, halafu mzee mmoja atasimama kwa niaba ya wote na kusema, "Tumekusikia, baba. Tumekuelewa." Ni adabu. Ni kama kumpa mtu kigoda. Mbunge aliambiwa hivyo, padre anaambiwa hivyo, bwana shamba anayewasumbua na matuta anaambiwa hivyo hivyo. Kila mtoto aliyezaliwa Ungoni analijua hilo. Makarius kazaliwa Ungoni, kakulia Ungoni, na kila alipoambiwa tumekuelewa alirudi nyumbani akahesabu kijiji kizima kuwa chake.

Basi alipoambiwa hivyo na watu wa darasa lile, akatuma gari. Theodosia alirudi kutoka kanisani akakuta majani yamelala, ya njano, pale mabati yalipokuwa.

"Ni mkopo," Makarius alimwambia. "Nikishaingia Bungeni nitaezeka nyumba hii kwa vigae."

"Vigae," dada akasema.

Kura alizopata mwaka ule zilikuwa chache kuliko ndugu wa ukoo wake waliokuwamo ukumbini. Maana yake hata binamu zake walimlia kuku wakampiga chini. Darasa likaezekwa, na mbunge aliyekuwepo akaenda kulizindua.

Ningekuwa mimi ningerudi kwetu. Theodosia hakurudi. Watu waliniuliza mara nyingi kwa nini, na mimi pia nilimwuliza, akaniambia, "Lidwina, mume wangu si mlevi, hanipigi, hana nyumba ndogo. Nitamwambia padre nimemkimbia kwa sababu gani? Kwa sababu anagombea?" Kweli hakuna kifungu cha ndoa kinachosema mambo ya mabati.

Zikaja zile zama za soko huria. Ushirika ukayumba, wanunuzi binafsi wakaja na magari yao na wateuzi wao, wazee wa tumbaku wakahamishia shikamoo zao kwa vijana wengine kabisa. Makarius akapunguzwa kazini. Kwa kile kiinua mgongo chake alifanya jambo la maana moja maishani: alinunua mabati. Aliyaleta mwenyewe, akayapanga mwenyewe, akaapa mbele yangu na mbele ya picha ya Bikira Maria kwamba hayo hatayagusa. Ilikuwa mwaka tisini na nne. Angeezeka mwaka ule ule ingekuwa mwisho wa hadithi, lakini alisema asubiri misumari ishuke bei, na wakati misumari haijashuka, tisini na tano ikafika na vyama vingi vyake.

Safari hiyo alikuwa na mpambe. Huyu aliitwa Alfani, mtu wa Nalasi kule Tunduru, aliyekuja Songea kuuza korosho akagundua kuna biashara nyepesi zaidi. Alfani alivaa kofia safi na hakuwahi kusema jambo bila kumtanguliza Mungu. "Inshallah safari hii, Mheshimiwa. Wallahi nimekwishawapanga wajumbe, Alhamdulillah wanakulilia." Alikula kwa dada yangu asubuhi na jioni, akasifu mchuzi, akaagiza pilipili. Nilimwambia Makarius kwamba huyo mtu anakula tu. Akaniambia siasa sizijui.

Chama kiliwapakia wagombea wote kwenye gari moja, wazungushwe kata hadi kata, kila mmoja aombe kura dakika zake chache, asiwepo wa kumpita mwenzake kwa usafiri. Wenzake walikuwa wanasheria na wafanyabiashara wenye jamaa mjini. Walipeana utani, walipeana sigara, na Makarius walimweka nyuma pale penye tairi la akiba. Kwenye Waislamu alisalimia asalaam aleikum, kwenye Wakatoliki Tumsifu Yesu Kristo, na kote alisema maneno yale yale ya themanini na tano, hata ahadi ya redio ya kijiji hakuiondoa ingawa watu walishakuwa na redio zao. Kote wakamwambia wamemwelewa.

Mabati yake yaligawanywa mafungu mawili sawasawa, nusu kigango cha Wakatoliki, nusu msikiti, pasiwe na wa kununa. Hapo alijiona Suleimani. Alfani ndiye aliyesimamia upakiaji. Kura zikahesabiwa, Mheshimiwa Mtarajiwa akatoka kapa, na Alfani akatoweka siku hiyo hiyo bila hata kumaliza chai.

Wapinzani walimfuata, wakamwambia ahamie kwao, watamsimamisha moja kwa moja bila kura za maoni. Alitembea na kadi yao mfukoni kwa siku kadhaa, akijitutumua kwamba sasa chama kitamtambua. Halafu akairudisha. Aliogopa. Hata usaliti ulimshinda.

Masika ya baada ya hapo ukuta wa sebule ukaanguka. Ulianguka mchana, hakuna aliyeumia, ila mwezi ule ule ndipo watu wa Peramiho walikuja kuleta posa ya Careen, binti wa dada yangu. Ikabidi wageni wakae kwenye viti vya kuazima ndani ya sebule yenye kuta tatu na mbingu. Wakiwa katikati ya maneno, manyunyu yakaanza. Baba wa bwana harusi akabeba kiti chake kichwani akakimbilia jikoni kwenye moshi, na wote tukamfuata tukijifanya tunacheka. Careen alilia. Makarius akawaambia wageni kwamba mvua ni baraka, akataka kuendelea na historia ya chama.

Tangu siku hiyo dada yangu hakuitaja tena nyumba. Mimi nilidhani amekata tamaa, na moyo uliniuma sana, kwa sababu Theodosia wa utotoni alikuwa mtu wa kudai chake. Kumbe alikuwa amenyamaza tu. Akaanza kupika komoni, pombe yetu ya mahindi, na kuuza. Akawaita jamaa wakausimamisha ule ukuta upya. Na kila alipopata kidogo, alinunua bati moja, au mawili, akayaleta sokoni kwangu yamefungwa kwenye kanga, tukayasimamisha nyuma ya marobota ya mitumba. Mumewe hakujua. Hatukumwambia yeyote. Yalikusanyika hivyo, moja moja, mpaka nikawa nakosa pa kukaa.

Mwaka elfu mbili ukafika, na Makarius akachukua fomu mara ya nne. Alikuwa ameota kitambi na mvi, suti ile ile ya kijivu haifungi. Akaja bandani kwangu kutafuta tai. Kila uchaguzi alichukua tai kwangu na hakuwahi kuirudisha. Nilikuwa nahudumia mteja, nikamwambia asubiri. Hakusubiri, akavuta robota mwenyewe ili achague ya chini, na mabati yakaonekana.

Aliyatazama muda mrefu. Aliyagusa, akaitambua kanga ya mkewe iliyoyafunga. Alichagua tai nyekundu, akaondoka bila kuniuliza chochote, na mimi mjinga nikamshukuru Mungu.

Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya kijiji kinachojenga zahanati, akatangaza kwamba mabati ya jengo lote anayo, yapo mjini, wapange gari waje wayachukue Jumatatu, si ya kesho yake, ile ya wiki inayofuata. Akina mama wakamtandikia kanga akanyage. Alirudi nyumbani akiwa bado na vumbi la furaha usoni, akamweleza Theodosia mbele yangu, kama mtu anayeleta zawadi.

Nilimtukana. Sitayaandika niliyosema. Dada yangu alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Wanakuja Jumatatu?" akauliza.

"Jumatatu asubuhi. Mama Careen, safari hii—"

"Sawa," akasema. Akaniambia nimsaidie kuloweka mahindi ya kimea.

Komoni ile haikuwa ya kuuza. Kwetu mtu akitaka kuezeka hatafuti vibarua. Anapika pombe, anawaita majirani, wanakuja na nyundo zao, wanaezeka, wanakunywa, jua likizama nyumba ina paa. Ni desturi ya siku zote. Theodosia alipita nyumba hadi nyumba akawaalika Jumamosi, maana Mheshimiwa alikuwa ameondoka tangu katikati ya wiki kuzungushwa kata za mbali. Na mtaani kwetu huwezi kurusha jiwe bila kumpiga mjumbe: balozi wa nyumba kumi, katibu wa vijana, mwenyekiti wa wazazi, wote ni majirani, wote wana nyundo, na wote wanapenda komoni.

Sitasahau Jumamosi ile. Baridi ya Julai ilikuwa imekatika, anga jeupe, na mabati yangu ya nyuma ya mitumba yakapita mitaani kwenye mikokoteni mchana kweupe. Fundi Hassani alishasimamisha kenchi tangu juzi yake. Wanaume wakapanda. Kelele za nyundo zilisikika mpaka barabarani. Theodosia alikuwa anachota pombe kwa kopo, anapitisha, na niliona ametoa kanga yake mpya, ile ya harusi ya Careen.

Katika wale walio juu alikuwepo Fulgence, balozi wetu, mjumbe wa miaka mingi. Aliposhuka kunywa alimwambia dada, kwa sauti ya chini, mimi nikiwa palepale, "Mama Careen, tusikufiche. Safari hii tumekubaliana tumpe mumeo kura. Mbunge katuchosha, na yule kijana wa Dar anayegombea hatumjui anakula nini. Wa kwetu tumekubaliana, wa Madaba wamekubaliana. Mzee kahangaika vya kutosha, tumpe tu, tupumzike naye."

"Kweli, kaka Fulgence?"

"Kweli tupu. Zimeshahesabiwa."

Hivyo ndivyo watu wetu wanavyochagua mbunge: kama mtu anayempa mtoto mwiko ili anyamaze. Nilitaka kutema mate. Theodosia alimwongezea pombe, akamshukuru.

Saa nane Makarius akatokea. Gari la chama lilikuwa limeharibika, wakarudishwa mapema. Alifika getini akaona mabati ya zahanati yake yakiwa juu ya nyumba yake, na uso ukambadilika. Nilishika mchi, nikasema leo. Lakini macho yake yakashuka, yakaona watu. Akaona Fulgence, akaona katibu wa vijana, akaona mwenyekiti wa wazazi, wote wamekusanyika, wote wana vikombe, wote wanamtazama yeye. Hasira ikamtoka kama haikuwahi kuwepo. Makarius hawezi kuona vichwa vimekusanyika akanyamaza. Akafunga kifungo cha koti, akapanda juu ya rundo la matofali yaliyobaki, akahutubia.

Alisema mabati haya ni ishara ya maendeleo atakayoyaleta jimbo zima. Alisema wanywe, washibe, wamkumbuke Jumatano kwenye kura ukumbini. Kule juu Hassani aliendelea kugonga misumari, sina hakika kama alijua kuna hotuba. Walipiga makofi. "Tumekuelewa, Mheshimiwa," wakasema.

Nyuma ya umati nikaona kofia safi. Alfani. Mwaka huo alikuwa mpambe wa yule kijana wa Dar, lakini harufu ya komoni haina chama. Alimaliza kikombe chake, akapangusa mdomo, akasema "Alhamdulillah," akaenda moja kwa moja ofisi ya chama kuripoti kwamba Makarius anawanywesha wajumbe pombe nyumbani kwake. Na mwaka ule chama kilikuwa kimesema wazi: atakayekutwa anamnywesha mjumbe kabla ya kura, jina lake linakatwa.

Jumapili baada ya misa ya pili wakaja watatu wa kamati ya maadili, wakiongozwa na mzee Pankrasi. Walikaa sebuleni. Walikuwa wageni wa kwanza kukaa sebule ile wakiwa na kitu juu ya vichwa vyao. Mwanga uliingia mlangoni tu, pembeni bado kulinuka mbao mpya, na Makarius alikaa kwenye ukingo wa kiti, tai nyekundu imembana shingo.

Pankrasi alikuwa mtu mzuri. Anafahamu mila, na nadhani alimwonea huruma. Akamgeukia dada yangu.

"Mama, tumeletewa malalamiko. Sisi wote ni watu wa hapa, tunajua desturi. Pombe ya kuezeka si rushwa, hata baba zetu waliezekewa hivyo. Hotuba ilikuwa makosa, lakini hotuba tunaisamehe. Tunataka kusikia kwako wewe uliyepika. Ile pombe ilikuwa ya nini?"

Makarius alimwitikia kwa kichwa kumhimiza. Alikuwa anatabasamu kabisa. Jambo lenyewe lilikuwa kweli na lilikuwa rahisi. Hakukuwa na haja hata ya kumtetea.

Theodosia alitazama juu, kwenye kenchi. Akawatazama wageni.

"Ilikuwa ya kampeni," akasema.

"Mama Careen!" Makarius akasimama.

"Mama, fikiri kidogo," Pankrasi akasema taratibu. "Nimeuliza kama ilikuwa ya kuezeka."

"Nimefikiri, mzee wangu. Mheshimiwa alisimama akaomba kura, wao wamekunywa. Wapi mmeona mtu anaombea kura kwenye kuezeka?"

"Na mabati?"

"Mabati ni yangu. Nimenunua mwenyewe, muulizeni Lidwina. Pombe ndiyo ya kampeni."

Jina likakatwa jioni ile ile. Jumatatu asubuhi gari la kijiji cha zahanati likaja. Dereva na wazee wawili wakashuka, wakatuamkia, wakainua macho wakaona mabati yalipo. Theodosia akawapa uji. Wakanywa, wakashukuru, wakaondoka, na hawakuuliza kitu, kwa kuwa hata wao walishasikia redio ya mtaa.

Jumatano mbunge wa zamani akarudishwa bila jasho. Majirani wakaja kumpa Makarius pole, kama msibani. Walijaa sebuleni, Fulgence akiwemo. Makarius alikuwa amevua tai. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba safari hii alikuwa ameshinda, kwamba wajumbe walishampa. Watu wakatazamana. Mmoja akakohoa kuzuia kicheko.

"Fulgence, waambie," Makarius akasema. "Si ulinitumia salamu Ijumaa?"

"Mimi?" Fulgence akasema. "Mzee, mimi nilikusalimia tu."

Hapo watu wakashindwa, wakacheka. Nilitoka. Nilimkuta dada yangu kule jikoni, anachochea moto wa chai, na nikamwambia Fulgence ni mwongo mkubwa, tulimsikia wote wawili kwa masikio yetu.

"Nilimsikia," akasema.

"Sasa, mlongo wangu, kama ulimsikia..." Nilijikuta nanong'ona. "Wewe ulijua angeshinda. Nilidhani ulifanya vile kuokoa mabati, na mabati yalikuwa yameshapigiliwa. Ungesema kuezeka. Leo ungekuwa mke wa mbunge."

Alifunika sufuria. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Akishindwa anarudi nyumbani, Lidwina. Anakaa, ananuna, nampikia. Miaka yote hii alikuwa anagawa paa langu akizitafuta hizo kura. Je, akishazipata, angegawa nini?"

Nimemdharau shemeji yangu miaka kumi na mitano, na bado namdharau. Alistahili kila neno. Lakini nilimtazama mwanamke niliyelala naye kitanda kimoja utotoni, aliyesubiri mpaka siku moja tu ambayo mumewe angeweza kuwa mtu, akaichukua siku hiyo bila kupandisha sauti. Nilimwogopa. Kule ndani walikuwa bado wanacheka, na yeye akachukua vikombe, akaniambia nibebe sukari.